Ski pana za roka: jinsi ya kuziendesha theluji inapobadilika, kuanzia poda mpaka barafu

Hii naiandikia wale ambao mmeshavuka hatua ya kujifunza, mnashuka njia za bluu (zile za ugumu wa kati) bila presha, na sasa mmekodi au mmenunua zile ski pana zenye ncha iliyobinuka, yaani za roka. Malalamiko nayoyasikia kila msimu ni yale yale. Mmoja anasema ski zinayumba, mwingine anasema hazing'ati theluji, mwingine asubuhi alikuwa anaelea juu ya poda, yaani theluji mpya ambayo haijakanyagwa, akajiona bingwa alafu saa saba mchana miguu imegoma kabisa. Ski ni zile zile na mtu ni yule yule, kilichobadilika ni theluji, na ukitaka kuelewa kinachoendelea jiulize swali moja tu muda wote: sahivi ni urefu gani wa ski yangu unaogusa theluji? Ukishajua hilo utajua usimame vipi, ugeuke vipi, na lini uache ubishi ukabadilishe ski.

Mifano yangu mingi ni ya jimbo la Utah, Marekani, hasa bonde la Little Cottonwood ambako kuna vituo vya ski vya Alta na Snowbird, kwa sababu ndo theluji nayoijua. Alta peke yake kwa msimu wa kawaida inashukiwa na theluji ya zaidi ya mita 12, kwahiyo ndani ya wiki moja unaweza kukutana na karibu kila kitu nachokielezea hapa.

Kwanza ijue ski yako

Ski ya kawaida ukiilaza mezani utaona katikati imenyanyuka, inayogusa ni sehemu ya mbele na ya nyuma. Huo ni upinde. Ukisimama juu yake uzito wako unaukandamiza, makali yote (vile vyuma vya pembeni mwa ski) yanashika theluji kuanzia karibu na ncha mpaka karibu na mkia. Roka ni kinyume chake, ncha inaanza kupanda mapema, mbali kabisa na mwisho wa ski, na mara nyingi mkia nao unapanda. Ski nyingi za poda za siku hizi zimechanganya, roka mbele, upinde kidogo chini ya buti, roka tena nyuma. Zipo na zile za roka mwanzo mwisho, hazina upinde hata kidogo, hizo ni za siku za poda nyingi tu na mtu asikudanganye kwamba utazitumia kila siku.

Usiamini maneno ya dukani, pima mwenyewe. Chukua ski zako mbili uziweke tumbo kwa tumbo, zibane kwa mkono pale katikati mpaka upinde upotee, alafu chukua risiti au kipande cha karatasi ukipenyeze kwenye ule mwanya wa ncha, kirudishe taratibu kuelekea katikati mpaka kikwame. Hapo bandika tepu ubavuni. Rudia upande wa mkia. Umbali kati ya tepu mbili ndo makali utakayokuwa nayo siku theluji ikiwa ngumu. Ski ya sentimita 184 yenye roka ndefu inaweza kukuachia sentimita 110 hivi, yaani umebeba 184 begani ila kwenye njia ngumu, ile ya theluji iliyokandamizwa, unaendesha 110. Watu wengi wakiona hizo tepu wanaacha kulalamika hapo hapo, wanaelewa kwanini ncha zinapigapiga hewani.

Alafu angalia kiuno, ile sehemu nyembamba chini ya buti. Ski za njia ngumu huwa na milimita 70 hadi 80 na kitu, za poda zinaanzia kama 105 na kwenda 115, 120, nyingine zaidi. Upana unakufanya uelee, roka inainua ncha, ni vitu viwili tofauti japo watu wanavichanganya. Kuna ski pana isiyo na roka, kwenye poda itaelea lakini kuigeuza ni kazi.

Aliyeleta hii habari kwa nguvu ni Shane McConkey, Mmarekani, na wazo lake lilikuwa jepesi mno, kwamba poda ina tabia za maji kuliko tabia za sakafu, sasa kwanini ski za poda zifanane na ski za sakafu? Akafunga baindingi, yaani vile vibanio vinavyoshika buti, kwenye ski za majini kabisa, zile za kuvutwa na boti, akashuka nazo milima ya Alaska. Zikafanya kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Volant ikatoa ski yake inaitwa Spatula, milimita 125 chini ya buti, ncha na mkia vyote vimepanda, na katikati ni pana kuliko kwenye ncha, kinyume kabisa na ski zote za wakati ule. Watu walicheka. McConkey alifariki 2009 huko Italia, na leo ukisimama kwenye foleni ya lifti hapa (ile ya viti inayopandisha watu mlimani) siku ya poda karibu kila ski unayoiona ina kitu alichokianzisha yule jamaa.

Na kabla hamjaniuliza, zile ski za Philip Boit wa Kenya kwenye Olimpiki ya Nagano 1998 ni kitu kingine kabisa, ni nyembamba, kisigino kiko huru, za kukimbilia kwenye tambarare na vilima. Na Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyeiwakilisha Kenya PyeongChang 2018, alikuwa kwenye ski za mbio za kushuka, ngumu, zimetengenezwa zing'ate barafu. Ukimpa hizo mtu kwenye poda ya kiunoni atazama nazo.

Poda kavu, ile ya ndoto

Theluji mpya ya Utah kwa wastani ina maji kama asilimia 8, maana yake sentimita 10 ukiziyeyusha unapata milimita 8 hivi za maji. Ni nyepesi, ukiipuliza mkononi inaruka. Hapa ski yote inafanya kazi, urefu wote umo ndani ya theluji, na roka inafanya ncha ipande juu yenyewe kama omo ya ngalawa ikikutana na wimbi.

Sasa kosa la watu waliojifunzia ski za upinde ni kukaa nyuma. Enzi hizo ilikuwa lazima ukae nyuma kidogo ili ncha isizame, ndo maana wazee wa zamani mapaja yalikuwa yanawaka moto. Kwenye roka ukikaa nyuma unaua kila kitu, mkia unazama, ncha inakuwa juu haina mzigo, huwezi kugeuka. Simama katikati, mifupa ya mbele ya miguu (shini) iguse ulimi wa buti bila kuukandamiza kwa nguvu, mikono mbele uione. Ncha itapanda tu, iache ifanye kazi yake.

Uzito gawa miguu yote miwili, nusu kwa nusu, manake kwenye njia ngumu umezoea kubebesha mguu wa nje, ukifanya hivo kwenye poda ule mguu unazama wenyewe na mwenzake unabaki juu, unapasuka msamba. Miguu isogeze karibu kidogo kuliko kawaida, usiibane kama imefungwa kamba.

Kugeuka ndo kuna raha. Usijaribu kukata kwa makali. Ziache ski zilale karibu bapa, alafu zungusha miguu yote kwa pamoja kutoka kwenye nyonga ziende pembeni, zikishakuwa pembeni zinateleza kwa ubavu zinasukuma theluji na mwendo unapungua wenyewe. Mwanzo ni mzunguko, katikati ni mtelezo, mwisho unaziachia zinyooke tena chini. Kwa ski ya upinde hii haiwezekani kirahisi kwa sababu mkia unanasa, mkia wa roka haunasi.

Na jambo ambalo wageni hawaliamini: spidi ni rafiki. Ski pana inahitaji mwendo kidogo ndo ielee. Ukienda taratibu sana kwa woga unazama, unaanza kuvuta miguu, unachoka, unaanguka. Chagua mteremko wenye mwinuko wa kutosha, kwenye mteremko mdogo na poda ya magotini utasimama katikati na kuanza kutembea, na kutembea kwenye poda ni adhabu.

Ukianguka utapoteza ski. Kwenye poda nene ski inaweza kuingia chini ya theluji mita kadhaa juu ya pale ulipoangukia na huioni, kwahiyo anza kutafuta juu kidogo, piga mkia wa ski iliyobaki kwenye theluji kwa kukata mistari ya pembeni. Wengine wanafunga utepe mrefu wa rangi kwenye baindingi wanaufichia ndani ya suruali. Inaonekana ushamba mpaka siku ski yako imepotea nusu saa na wenzako wameshapanda lifti mara mbili.

Poda nzito

Dhoruba ikija na joto, au ukienda milima ya Sierra Nevada kule California ambako hewa inatoka moja kwa moja baharini, theluji inakuwa na maji asilimia 12 au zaidi, na wenyeji wa huko wanaiita saruji. Jina ni sahihi. Inakubeba vizuri, hata ski ya milimita 105 inaelea, shida ni kuigeuza kwa sababu theluji inakushika miguu.

Hapa roka inakusaidia kuliko hata kwenye poda kavu, na hilo ni jambo ambalo matangazo hayasemi. Kwenye poda nyepesi mtu mwenye ufundi anashuka na ski yoyote. Kwenye nzito ncha isiyo na roka inajichimbia, inasimama, wewe unaendelea na safari bila ski. Ncha yenye roka inapanda juu ya mzigo.

Ila badilisha mwendo wako. Geuka kwa duara kubwa na refu, usilazimishe vizunguko vifupi, goti halipendi kusokotwa dhidi ya theluji yenye uzito ule. Kabla ya kuzungusha nyanyuka kidogo, yaani nyoosha miguu mwili uwe mwepesi kwa nukta moja, ski zipande juu, hapo hapo zungusha. Alafu tua kwa upole. Nyanyuka, zungusha, tua, ukipata mdundo huo saruji inakuwa rahisi.

Kuna siku mbaya zaidi, dhoruba imeanza na baridi ikamalizia na joto, kwahiyo nyepesi iko chini na nzito iko juu. Kwa macho ni nzuri balaa, ukikanyaga unavunja lile tabaka la juu unazama kwenye laini halafu huwezi kutoka. Siku hiyo ski pana kuliko zote ulizonazo ndo za kuvaa, na ukae bapa kabisa usiweke makali, manake ukiweka makali umekata tabaka na umezama. Na siku hiyo hiyo ndo ya kuogopa maporomoko ya theluji, kitu kizito kimekaa juu ya kitu dhaifu, ntarudi hapo chini.

Theluji iliyovurugwa, kuanzia saa nne asubuhi

Kiukweli hii ndo theluji utakayoiendesha muda mwingi kuliko poda safi. Barabara ya 210 inayopanda Little Cottonwood huwa inafungwa asubuhi za dhoruba ili waangushe maporomoko kwa makusudi, ikifunguliwa watu wote wanaingia kwa mpigo, na ndani ya saa mbili mlima umechanwachanwa. Kunakuwa na vilima vya theluji laini, mifereji migumu katikati yake, tena vilima, hakuna mpangilio.

Roka hapa ina pande mbili. Faida, ncha inapanda juu ya vilima badala ya kuvichoma. Hasara, ncha ile ile ikikutana na kilima kigumu inarushwa, na kama ski yako ni nyepesi sana unaanza kupigwa huku na huku. Ndo maana watu wa mwendo kasi wanapenda ski nzito zenye metali ndani, roka kidogo mbele na mkia ulio karibu bapa. Mtu wa mwili mdogo au anayependa vizunguko atachoka nazo hizo kabla ya saa sita.

Dada mmoja tunayeshuka naye alikuwa anapambana na hii kitu, kila kilima anakutana nacho anakaza miguu. Mzee mmoja kwenye kiti cha lifti, mtu wa hapa hapa, akamuuliza "binti, unaangalia wapi unaposhuka?" Akasema kwenye ncha za ski. Mzee akacheka akamwambia "hizo zinajua zinakoenda, wewe angalia vilima vitatu mbele." Safari iliyofuata alikuwa mtu mwingine. Ukiangalia mbele unaanza kuchagua, unageukia kwenye laini, unapita bapa kwenye kigumu, magoti yanafanya kazi ya springi, kifua kimetulia. Ukiangalia miguuni kila kilima ni ajali ya ghafla.

Na usiegemee nyuma kwa woga. Narudia kwa sababu hapa ndo kila mtu anaegemea nyuma.

Ukoko

Jua limepiga mchana, usiku kumeganda, juu kumekuwa na ukoko. Au upepo umekandamiza. Ukoko ukiwa mgumu wa kukubeba moja kwa moja hamna shida, uchukulie kama njia ngumu. Balaa ni ule unaokubeba nukta mbili alafu unavunjika. Hapo hata walimu wanatukana.

Ski ya roka kwenye ukoko unaovunjika ndo inajilipa hela yake yote, naweza kusema hii ndo sababu ya kweli ya kuwa na moja. Ncha ya upinde inapita chini ya ukoko, inanasa, mguu unabaki nyuma, na goti linaumia hivyo. Ncha ya roka inatoka juu yenyewe. Mkia nao hautegwi unapomaliza kugeuka. Jinsi ya kushuka: miguu yote sawa kwa sawa, bapa kadri unavyoweza, ukitaka kugeuka ruka kidogo ski zote zitoke juu, zizungushe hewani, tua kwa pamoja. Inachosha, ndio, kwahiyo piga misururu mifupi na upumzike. Ukiona imezidi, teleza kwa ubavu, kata pembeni, geuza kwa kupiga teke mguu mmoja baada ya mwingine ukiwa umesimama, hakuna anayekupa alama.

Njia ngumu na barafu

Hapa roka inadai ilichokukopesha. Zile sentimita 110 ulizozipima kwa karatasi ndo unazo, ncha zinapigapiga hewani, na kiuno kipana kinafanya kila ukiilaza ski goti libebe mzigo wa ziada, kwa sababu makali yako mbali na mstari wa mguu. Kwa mtu mwenye historia ya maumivu ya goti, siku ya njia ngumu mwanzo mwisho kwenye ski ya milimita 118 ni kujitafutia kesi.

Kule kupigapiga kwa ncha kunatisha ila hakuna madhara, puuzia. Ila kama unayumba ukiwa umenyooka, tatizo ni kwamba umeziacha bapa. Ski ya roka bapa kwenye theluji ngumu inazunguka ka inataka kutafuta njia yake yenyewe. Dawa ni kuilaza kidogo muda wote, hata ukiwa unaenda mbele, makali ya upande mmoja yawe yameshika. Kwenye kugeuka anza mapema na taratibu, laza ski kwanza, subiri ishike, ndo ukandamize. Uzito sasa urudishe mguu wa nje, zile habari za nusu kwa nusu ziache kwenye poda.

Kwenye barafu halisi, ile ya kijivu inayong'aa, usijaribu kugeukia juu yake. Pita umetulia, geuka kabla au baada. Na kama wiki nzima hakujashuka kitu na asubuhi kumeganda, acha ski pana kwenye gari ukakodi za milimita 80. Watu wanaona aibu kukodi wakati wanazo zao, sijui kwanini.

Upepo, matuta, na theluji ya punje

Upepo ukisafirisha theluji na kuilaza laini sehemu zilizojikinga, unapata kitu kizuri ajabu, nzito kidogo, laini, ski ya roka inateleza kwa ubavu bila kelele. Tatizo ni kwamba hayo hayo mabamba ya upepo ndo yanayokatika yakashuka nawe nje ya maeneo yanayolindwa.

Matuta, yale yanayojengeka watu wakigeukia sehemu zile zile, na ski pana hawapatani sana, ila roka ya mkia inasaidia kuzungusha juu ya kilele cha tuta. Zungushia juu kileleni ambapo ncha na mkia viko hewani, shuka kwa kuteleza ubavuni. Yakiwa magumu, mimi napita pembeni.

Theluji ya punje ya machi na aprili, ile iliyoganda na kuyeyuka mara nyingi ikawa vipunje, asubuhi ni barafu, saa nne mpaka saa sita ni sukari, baada ya hapo ni uji. Ski yoyote inafurahia hiyo sukari. Kwenye uji roka inarudi kuwa na maana, na nta ya joto (ya kupaka chini ya ski iteleze) ni lazima la sivyo ski zinakamatwa ghafla na wewe unaenda na pua.

Kwenye miti, na habari ya kuzikwa

Ski ya roka ndo rafiki wa msituni kwa sababu unaweza kuigeuza ghafla mahali padogo kwa ule mzunguko bapa. Angalia mianya, usiangalie miti, macho yanapoenda ndo mwili unapoenda.

Ila siku za poda nene kuzunguka shina la mti wa aina ya msonobari kunakuwa na shimo ambalo matawi yamelificha, theluji haijajaa pale. Mtu akiteleza akaingia kichwa chini hawezi kujitoa, na theluji inaziba pumzi. Usishuke peke yako msituni, na kushuka na mwenzio maana yake unamwona au unamsikia, siyo kwamba mtakutana chini kwenye lifti. Mikono itoe kwenye mikanda ya fimbo, filimbi iwe karibu na mdomo. Ukijikuta unaanguka shika shina au tawi, na kichwa kibaki juu ya miguu kwa gharama yoyote.

Ukitoka nje ya kamba za mlima, zile za mpaka wa eneo linalolindwa, unakuwa na bikoni (kifaa cha redio cha kukutafutia ukizikwa) mwilini ikiwa imewashwa, fimbo ya kutafutia na koleo kwenye begi, na mwenzio anavyo hivyo hivyo na anajua kuvitumia. Maporomoko mengi ya mabamba yanatokea kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, na bahati mbaya ndo ile ile miteremko mizuri kwa poda. Hapa Utah kituo cha Utah Avalanche Center kinatoa utabiri wa hatari kila siku wakati wa msimu, kusoma ni bure, soma kabla hujavaa buti. Ski pana haikuokoi na maporomoko, tena kurahisisha mteremko kwake kunakufanya ufike sehemu ambazo zamani ungechoka kabla hujazifikia.

Mambo ya fundi

Urefu: kwa kuwa sehemu kubwa haigusi kwenye ngumu, watu wengi wanachukua ski ya roka ndefu kwa sentimita 5 hadi 10 kuliko ya kawaida yao. Kama wewe ni wa msituni na mteremko mwembamba, usiongeze sana.

Mahali pa kufungia baindingi, anza na alama ya kiwanda. Ukisogeza mbele ski inazunguka kirahisi lakini ncha inapoteza kuelea, ukirudisha nyuma inaelea na inakuwa nzito kugeuza. Breki za baindingi ziwe pana kidogo kuliko kiuno, milimita 115 kwa ski ya 112 ni sawa, zikizidi sana zinaburuza kwenye theluji ukilaza ski. Kiwango cha kuachia buti kipangwe na fundi kwa uzito, urefu, umri, urefu wa soli ya buti na namna unavyoshuka. Usikaze mwenyewe kwa bisibisi kisa zilifunguka mara moja.

Makali ya ncha na mkia, zile sehemu nje ya tepu zako, yapunguzwe ukali kwa jiwe laini la mpira, mpito wa mara kadhaa unatosha. Haya hayafanyi kazi kwenye ngumu na kwenye laini yanakunasa tu. Ndani ya tepu acha yawe makali kabisa, kwa sababu ndo uliyonayo. Duka likishakupa ski mpya zimenolewa mwanzo mwisho waambie wafanye hivo, ni kazi ya dakika chache.

Nta, fuata joto la theluji. Utah januari baridi inakata, nta ngumu. Aprili nta laini.

Mwisho kuna ile njia nyembamba ya tambarare ya kurudi kwenye maegesho, jioni, imeshakanyagwa na kila mtu, imeganda, na miguu imeisha. Wengi wanaanguka hapo, na ski ya roka bapa kwenye njia ile inatapatapa. Laza makali ya upande mmoja kidogo, badilisha upande kila baada ya mita chache, usikae nyuma ukapumzishia mapaja kwenye mikia, na kaa mbali na watoto wa shule ya ski wanaoshuka kwa mstari, manake wale hawana breki na mwalimu wao yuko mbele.